Sentensi Iliyopotelea Bura

Mume wangu Keynan hawezi kutamka herufi V. Nalisema mapema kwa sababu mambo yote yaliyotupata yalianzia hapo. P nayo inamshinda, lakini P nimeshaisamehe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa mjini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilikulia Lamu, baba akiwa karani wa mahakama, kwa hiyo lugha hii sikuisomea kwa kubahatisha. Kutwa nzima nasahihisha watoto wanaoandika "kufaa nguo" na "kubanda mti". Natoka pale koo limekauka, nafika nyumbani, Keynan ananiuliza, "Mwalimu, chai iko wabi?"

Wapi, Baba Hawo. Sema wapi.

"Si ndiyo hiyo hiyo," ananijibu, na chai anaipata.

Keynan anakatisha tiketi za basi. Ana dirisha lake dogo karibu na soko, lina nondo na tundu la kupitishia mkono, na kwa miaka ishirini na mbili kiti ni kile kile, kasoro mto wa kukalia ambao nimeushona upya mara tatu. Wanaokwenda Habaswein, Wajir, Mandera, Bura, wote wanapita mbele ya pua yake. Yeye anawatazama, anawasikiliza wakigombania siti, na wazo linamjia. Likimjia lazima aliandike, na hachagui mahali. Ataandika kwenye boksi la pasta, kwenye kalenda ya msikiti, kwenye karatasi ya dawa ambayo bado sijasoma maelekezo yake. Mwaka fulani nilirudisha insha za darasa la sita, kesho yake mzazi mmoja akaja shuleni amenuna. Alitaka kujua kwa nini mwanawe amepewa alama kumi na mbili kati ya arobaini, na chini yake mwalimu akaandika, "Mtu mwenye mzigo mdogo ndiye mwenye maelezo mengi." Ilinibidi nimweleze mkuu wa shule kwamba ule si mwandiko wangu, na kwamba nimeolewa.

Basi ana daftari tatu nene zimejaa. Nitawapa sentensi mbili tatu, nimezisahihisha kwanza maana siwezi kuzitoa nje zikiwa uchi. "Kila abiria anataka siti ya dirisha mpaka jua lifike upande wake." "Mtu akikuambia yuko njiani, muulize njia ipi." "Chai ya bure ina maswali mengi." Hiyo ya mwisho aliiandika baada ya kutembelewa na ndugu zangu, na mimi najua.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asiandike kwa Kisomali, lugha ambayo akiisema watu hunyamaza wakamsikiliza. Akaniambia Kisomali hakuna aliyemfundisha kukiandika. Shuleni alichapwa kwa Kiswahili, basi anaandika kwa lugha aliyochapiwa.

Mawazo hayo anayaita baadi. Kwa Kisomali, baadi ni mnyama aliyepotea kundini. Ngamia wako akipotea, unakwenda ukiuliza kila unayekutana naye, unataja rangi, umri, na chapa ya moto aliyochomwa. Aliyemwokota hafichi. Anamtunza, anangoja mwenyewe aje ataje alama. Zikilingana unapewa ngamia wako, pamoja na watoto aliowazaa huko alikokuwa. Zisipolingana unashukuru kwa maji ya kunywa, unakwenda zako, hakuna kelele. Baba yake Keynan alimtafuta ngamia mmoja kwa miezi saba akampata Kutulo, ana ndama pembeni. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu.

"Mawazo ni baadi, Mwalimu," ananiambia. "Yanabita tu hapo dirishani. Mimi nayashika."

Kushika peke yake kungekuwa si kitu. Tatizo ni kwamba akaanza kuyaachilia. Tiketi zao nyuma ni nyeupe, na yeye karatasi nyeupe inamwasha mkono. Akawa akimaliza kuandika jina na siti anaigeuza tiketi, anaandika sentensi moja, anampa abiria. Kwenye daftari anaweka kumbukumbu: siti kumi na nne, Habaswein, imetoka Jumanne. Nikamuuliza faida yake ni nini. Akainamisha kichwa, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, akaniambia anachokitaka. Anataka siku moja mtu asiyemjua, na ambaye hamjui yeye, asimame pale dirishani aseme neno lake huku akidhani ni neno la watu wote. Moja tu irudi kwa miguu yake. "Nikisikia hiyo, nimeshiba," alisema.

Mimi nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka nikaegemea ukuta. Yeye akachukua kofia yake akaenda kuswali, na saa ya kuswali ilikuwa bado.

Toka hapo akawa msaka baadi kwelikweli. Mabasi yakiingia anatoka dirishani, anawasimamisha watu waliokaa juu ya viti kwa saa nane, hoi, vumbi mpaka kwenye kope. "Huko Wajir hamjasikia sentensi? Sio ndefu. Ina dirisha katikati, na mwishoni inachekesha kidogo." Watu wanamwonea huruma. Dereva mmoja alimwambia ameisikia Habaswein, tena kwa masikio yake, Keynan akamnunulia chai na maandazi. Alipoulizwa inasemaje, dereva akatoa tangazo la sabuni la redioni, neno kwa neno, na simu ya kuagizia.

Nisingesema mengi, kila nyumba ina wazimu wake, lakini mwaka huu kampuni ikatangaza kwamba baada ya Idd tiketi za karatasi zinakwisha. Kila kitu kitaingia kwenye simu. Keynan aliileta habari hiyo nyumbani akaketi bila kuvua viatu. "Simu haina mgongo wa kuandika," akasema. Miaka sita alikuwa ameachilia sentensi, na hakuna hata moja iliyorudi. Zilibaki wiki saba. Nilimwona anapoteza hamu ya kula, akawa anaandika tiketi mbili mbili kwa abiria mmoja, na mimi nikaacha kucheka.

Alhamisi moja adhuhuri, mlango ukafunguliwa kama umepigwa teke. Keynan huyo, kofia mkononi, kanzu imelowa jasho. Amefunga dirisha la tiketi saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku Hawo wetu alipozaliwa.

"Imerudi," akasema.

Nilimkalisha, nikampa maji. Akaeleza. Walikuja wanawake wawili, mmoja kijana, mwingine mzee, wanataka kwenda Bura. Gari lilikuwa limechelewa na yule mzee akawa ananung'unika, angoje au asingoje. Yule kijana akamwita eeddo, yaani shangazi, akamwambia, "Eeddo, kwetu wanasema, futa subira. Ikibaki kidogo, futa tena." Yeye Keynan kwa furaha akahangaika kutafuta kofia yake. Alipotoka nje, wanawake walikuwa wameshaondoka kupanda gari la kampuni nyingine, akawakimbilia mpaka mlangoni pa gari lile, abiria wake mwenyewe wamepanga mstari nyuma wanamtazama. Akamwuliza kijana, neno lile amelitoa wapi. Akamwita adeer, yaani ami, akajibu, "Ni neno la Bura tu, adeer. Kila mtu analisema." Yaani hamjui! Anaitwa Ramlo, ni mshonaji, huja mjini kila Alhamisi kununua vitambaa. Keynan amemwalika chakula cha mchana wiki ijayo.

"Sema tena sentensi yako," nikamwambia.

"Futa subira. Ikibaki kidogo, futa tena."

Mimi masikio yangu yameshajitengenezea dawa. Akisema F naisikia V bila kujisumbua, na nikaona kuwa ni ushauri mwema: mtu avute subira, na akiona inakwisha avute tena. Lakini kitu kikanichoma. Wale wanawake waliposema hivyo, mbona hawakungoja gari? Nikaomba daftari. Nikapekua mpaka nikaipata, ya miaka miwili nyuma, siti ishirini na mbili, Bura. Mwandiko safi, wino wa bluu. Futa subira. Ikibaki kidogo, futa tena.

Nilikaa chini.

"Baba Hawo, hapa umeandika F."

"Si ndiyo hiyo hiyo," akasema, akaenda kuoga akiimba.

Wiki ile sikulala usingizi wa maana, na mambo ya kunikosesha usingizi si mengi. Mume wangu amengoja miaka sita kusikia neno lake, na lililorudi linasema kinyume. Nikimwambia nimemuua. Nisipomwambia, huyo binti atamwambia tukiwa mezani. Nilifikiria kumpigia simu Ramlo asije, nilifikiria kuugua. Mwishowe nilipika. Wali, nyama ya ngamia, ndizi, na nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa ambayo huwa naificha. Nilidhani mdomo uliojaa hausemi mengi.

Ramlo alikuja na mtoto mgongoni na zawadi ya kitambaa. Msichana mchangamfu, amesoma sekondari ya bweni, V yake imenyooka mpaka nikamwonea wivu. Alikula tonge tatu tu, Keynan akashindwa kujizuia akamwambia ni yeye aliyeandika. Akamwonyesha daftari. Ramlo aliiangalia ile sentensi, akamwangalia Keynan, akaweka kijiko chini.

"Adeer, ni wewe? Nilidhani tiketi zinachapishwa hivyo." Akanigeukia mimi. "Eeddo, mume wako ameniokoa."

Nikamsogezea nyama zaidi. Haikusaidia, akaendelea. Alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja, Guled, ambaye alikwenda Nairobi kutafuta maisha. Miaka tisa. Kila Idd anapiga simu, anamwambia Ramlo vuta subira. Familia ya Guled nayo, vuta subira. Siku ile alikuwa amekuja Garissa kumwuliza shangazi yake Guled kwa mara ya nane, akajibiwa vivyo hivyo, akaenda kukata tiketi ya kurudi machozi yakimtoka. Ndani ya gari akaigeuza tiketi.

"Nikasoma, futa subira. Nikasema, nani huyu anayenijua? Miaka tisa naambiwa niivute, leo mtu mmoja ananiambia niifute. Ikibaki kidogo, nifute tena. Na kweli, adeer, ilikuwa imebaki kidogo. Nilipofika Bura nikaifuta."

Akarudisha zawadi zote za uchumba. Akanunua cherehani. Akaolewa na mtu anayechanja mifugo, mtu mtulivu, anayerudi nyumbani saa anayosema atarudi. Baada ya miezi mitano Guled akatokea Bura, amevaa suti, ana mke na watoto wawili, mkubwa anaenda nasari.

Keynan alikuwa ameacha kutafuna. Tonge lilikuwa bado shavuni.

"Mwalimu," akaniambia, sauti ya chini, "hii yake na yangu ni tofauti?"

Nikasema ndiyo.

"Nionyeshe."

Ningemwonyesha vipi mtu ambaye sikio lake halitenganishi F na V? Nikachukua kitambaa, nikapangusa meza mbele yake. "Hii ni futa." Nikaishika sahani yake nikaileta upande wangu. "Hii ni vuta." Akachukua kitambaa akapangusa, akasema futa. Akavuta sahani, akasema futa. Akarudia, kitambaa, sahani, kitambaa, sahani, mtoto wa Ramlo anacheka, anadhani ni mchezo. Kisha mkono wake ukasimama juu ya sahani na nikaona amefahamu.

"Mimi nilimwambia afute," akasema, na mkono wake ukaivuta sahani polepole, tukajua anasema ipi. "Nilimwona analia, nikamwambia angoje."



"Basi sio yangu." Akalifunga daftari. "Alama hazilingani. Yangu ilikuwa ya kungoja. Kama angeisoma yangu, mbaka leo angekuwa anangoja, na huyu mtoto hayubo." Akamwambia Ramlo, kwa heshima ileile anayompa abiria ambaye siti zimekwisha, "Nisamehe, binti yangu. Nimekusumbua bure. Mwenyewe ni mwingine."

Alitabasamu wakati anasema, na ndilo lililonimaliza. Nilimwonea uchungu. Angekasirika ningejua la kufanya, mimi hasira nazifahamu. Lakini alikuwa amekubali kabisa, anatafuta kofia yake, anataka kurudi kazini akamalizie zile wiki zake tano zilizobaki.

"Keti," nikamwambia. "Wewe umesema yako. Shahidi hajasema."

"Shahidi gani?"

"Mimi. Mimi nimesimama mbele ya watoto miaka kumi na tisa napigana na hiyo F. Nyumbani ndiyo usiseme. Naijua kuliko ninavyoijua saini yangu. Sasa niambie, Baba Hawo. Siku ile kama mimi ndiye ningekuwa dirishani, ningemwandikia nini? Ningeandika vuta, V kubwa, sahihi kabisa, wala hakuna mkaguzi angenikosoa. Na Ramlo angemngoja yule Guled mpaka nywele ziwe nyeupe. Wenye F hapa Garissa wako wengi, sikatai. Lakini mwenye F aliyemwona msichana wa watu analia, akageuza tiketi akamwandikia neno, huyo ni mmoja. Hiyo F ndiyo chapa yako. Alama zinalingana, na mimi nalishuhudia hilo popote nitakapoitwa."

Mwenyewe nilishangaa. Sijawahi kuitetea F maishani mwangu, na nikimaliza hapa kesho asubuhi nitaichorea mduara mwekundu kama kawaida.

Keynan alimtazama Ramlo, ambaye ndiye aliyemwokota mnyama, na uamuzi ulikuwa wake. Ramlo hakuharakisha. Alijifunga mtandio vizuri, kama mtu anayetoa neno barazani.

"Ni wa kwako, adeer. Mchukue," akasema. "Na ujue amezaa. Kule kwetu siku hizi msichana akichoka kungojeshwa hasemi amevunja uchumba. Anasema, nimefuta. Mama mkwe wangu alikuwa akingoja mchimba kisima mwaka mzima, wiki iliyopita akamfuta, akaleta mwingine, na maji yametoka. Watoto hao wote ni wako pia."

Keynan huyo. Mtu mwenye daftari tatu, mwenye neno la mzigo, neno la chai, neno la dirisha, siku yake imefika na hana kitu cha kusema. Alijipangusa uso kwa kitambaa kile kile cha meza, chenye mchuzi. Halafu akamwekea mtoto wa Ramlo mkono kichwani, akamwambia Ramlo taratibu, bila hata kujua kuwa amesema neno:

"Mbeleke baadi Bura. Kwangu atalala kwa daftari tu. Kwako anatembea."

Akaenda kunawa. Nikalifungua daftari, nikatafuta ukurasa mtupu, na nikaiandika mimi mwenyewe kabla haijapotea, herufi kwa herufi kama ilivyotoka kinywani mwake. Mbeleke, kwa B.